Meno ya beko: Kipuri kidogo kinachogharimu ndoo nzima kikipuuzwa

KATIKA miji inayopanuka si jambo geni kuona mtaro wa bomba la maji ukichimbwa na mtambo wenye sepetu kubwa la kupakia mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma.

Mtambo huo, ambao mafundi huuita beko na wapita njia wengi huuita kijiko au katapila, hukusanya watazamaji kila unaposimama kufanya kazi. Macho ya wengi huelekea kwenye mkono unaokunjuka na kujikunja, na kwenye shehena ya udongo inayopanda nao.

Ni wachache wanaotazama mdomo wa ndoo iliyo mwishoni mwa mkono huo. Hapo ndipo ilipo safu ya meno ya chuma, kwa kawaida matatu hadi sita kulingana na upana wa ndoo, ambayo ndiyo yanayogusa ardhi kwanza.

Meno hayo hutengenezwa kwa kujua kwamba yatalika. Yakifikia kikomo huondolewa na kufungwa mengine, kama ilivyo kwa tairi la gari au pedi za breki.

Tatizo huanza pale mwenye mtambo anapoahirisha kuyabadilisha, au fundi anapoifanya kazi hiyo kwa haraka bila kinga. Katika hali ya kwanza, hasara huhama kutoka kwenye kipuri cha bei nafuu hadi kwenye ndoo yenyewe. Katika hali ya pili, huhamia kwenye jicho, mkono au uhai wa fundi.

Kwa nini ndoo ina meno

Kazi ya jino ni kukusanya nguvu ya mtambo mahali padogo. Hesabu rahisi inatosha kulieleza jambo hilo.

Chukua mfano wa ndoo yenye upana wa sentimita 60 na mdomo wenye unene wa sentimita mbili. Ikikandamizwa ardhini bila meno, nguvu yote husambaa kwenye eneo la sentimita za mraba 120.

Ndoo hiyohiyo ikifungwa meno manne, kila moja likiwa na ncha yenye upana wa sentimita sita na unene wa nusu sentimita, nguvu ileile huangukia sentimita za mraba 12 tu. Shinikizo kwenye udongo huwa limeongezeka mara kumi, ingawa injini haijaongezewa chochote.

Sasa ncha hizo zikilika hadi kufikia unene wa sentimita mbili na nusu, eneo la mguso hupanda hadi sentimita za mraba 60, na shinikizo hushuka hadi moja ya tano ya lile la awali.

Hapo ndipo opereta anapoanza kulazimisha. Hukanyaga mafuta zaidi, hurudia kuchimba mahali pamoja mara mbili au tatu, na huutumia uzito wa mtambo kuisukuma ndoo. Dizeli huteketea, mafuta ya haidroliki hupata joto, na pini na bushi za mkono huanza kulegea kabla ya wakati wake.

Beko si mtambo mpya. Kampuni ya JCB ya Uingereza, iliyoanzishwa na Joseph Cyril Bamford mwaka 1945, ilitoa ya kwanza mwaka 1953, na kampuni ya Case ya Marekani ilitoa yake iliyounganishwa kiwandani mwaka 1957. Tangu wakati huo umbo la mtambo limebaki lilelile kwa sehemu kubwa, na hesabu ya jino kali na jino butu haijabadilika.

Chuma cha jino

Mwaka 1882, Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, alivumbua chuma chenye manganizi ya asilimia 12 hivi, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyogongwa. Kwa miaka mingi chuma hicho kilitumika kwenye meno ya mitambo ya kuchimbia, na hadi leo hutumika kwenye taya za mashine za kusaga kokoto.

Udhaifu wake ni kwamba huhitaji kugongwa ndipo kigumu. Katika mchanga, ambao hukwangua bila kugonga, hulika haraka.

Kwa sababu hiyo, meno mengi ya beko ya siku hizi hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kromiamu, nikeli au molibdeni. Chuma hicho hupashwa moto mkali, huzimwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kioo.

Ugumu wake kwa kawaida huwa kati ya 45 na 52 katika kipimo cha Rockwell C. Ukizidi sana, jino hukatika likikutana na jiwe. Ukipungua sana, jino hulika kama sabuni.

Hata likitengenezwa vizuri, jino halina ujanja mbele ya mchanga. Madini ya kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ni magumu kuliko chuma hicho. Ndiyo maana mtambo unaochimba mchanga wa pwani waweza kumaliza meno mapema kuliko ule unaochimba udongo wa mfinyanzi, ingawa mfinyanzi huonekana kuwa mgumu zaidi kwa jembe la mkono.

Aina tatu za ufungaji

Kabla ya kununua jino jipya, fundi hana budi kutambua jinsi la zamani lilivyofungwa. Ziko njia kuu tatu.

Ya kwanza ni jino la bolti. Jino zima hukaa kwenye mdomo wa ndoo na kubanwa kwa bolti, mara nyingi mbili. Mfumo huu ni wa kawaida kwenye beko, nao hupendwa kwa kuwa hauhitaji kuchomelea.

Ya pili ni jino la vipande viwili. Kipande cha nyuma, kiitwacho adapta, huchomelewa moja kwa moja kwenye mdomo wa ndoo, nacho ni mfano wa ufizi. Kipande cha mbele, ambacho ndicho jino lenyewe, huvikwa juu ya pua ya adapta na kuzuiwa kwa pini.

Pini za mfumo huu nazo hutofautiana. Ipo inayopigwa kutoka juu kwenda chini, iliyotengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyoshikamanishwa na mpira katikati. Ipo pia inayopita ubavuni na kushikwa na pete ndogo ya chuma, kama ilivyo katika mfumo wa J wa kampuni ya Caterpillar.

Njia ya tatu ni jino linalochomelewa moja kwa moja kwenye ndoo. Hili halibadilishwi bila kukata na kuchomelea upya.

Mara nyingi namba ya mfumo huwa imechongwa au kufinyangwa ubavuni mwa jino. Namba hiyo isipoonekana kwa sababu ya kulika, njia salama ni kuchukua jino la zamani pamoja na vipimo vya pua ya adapta hadi dukani, badala ya kutaja jina la mtambo pekee. Beko nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika huwa na ndoo iliyokwisha badilishiwa mfumo wa meno na mmiliki wa awali.

Dalili za jino lililokwisha

Dalili ya kwanza ni urefu. Mafundi wengi huweka kikomo pale jino linapobaki karibu na nusu ya urefu wake wa awali.

Dalili ya pili, ambayo ni ya hatari zaidi, ni kutoboka. Jino la vipande viwili lina uwazi ndani yake unaovaa pua ya adapta. Ukuta wa jino ukilika hadi tundu likaonekana, adapta imeanza kuchimba badala ya jino.

Dalili nyingine ni ufa, ncha iliyokatika, pini iliyochomoza, au jino linalocheza likitikiswa kwa mkono. Jino jipya huweza kucheza kidogo sana. Likicheza kwa kiasi cha kusikika mlio, ama pini imechakaa ama pua ya adapta imelika.

Meno ya pembeni hulika kuliko ya katikati, kwa sababu ndiyo yanayokata kuta za mtaro. Kwa mifumo ambayo meno yote ni ya aina moja, ni busara kuyahamisha ya pembeni kwenda katikati kabla hayajafika kikomo.

Aidha, baadhi ya meno huweza kugeuzwa juu chini ili yalike pande zote mbili. Hili lifanyike tu pale mtengenezaji alipoeleza kwamba jino lake limeundwa hivyo.

Usipoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye beko, ufa huo ni jino moja lililoanguka mchana na kuachwa hadi kesho yake.

Pua ya adapta haikutengenezwa ili iguse ardhi. Ikiachwa wazi katika ardhi yenye mawe, saa chache za kazi huweza kuilika kiasi kwamba jino jipya halitakaa sawasawa. Jino linalocheza hukata pini, kisha huanguka tena, na mmiliki hununua jino la pili na la tatu bila kujua kuwa ugonjwa upo kwenye adapta.

Adapta ikiisha, hukatwa na kuchomelewa nyingine. Mdomo wa ndoo nao ukiwa umelika au kupinda, kazi huwa ni kubadilisha bamba zima la mdomo. Kazi iliyokuwa ya dakika chache na nyundo hugeuka kuwa ya siku kadhaa za karakana, na mtambo huwa umesimama bila kuingiza fedha.

Jino lililoanguka lenyewe huleta hasara nyingine. Katika machimbo ya kokoto, likipakiwa pamoja na mawe hadi kwenye krasha, hukwama kati ya taya zilizoundwa kuvunja mawe na haliwezi kusagika. Krasha husimama, na wakati mwingine huvunjika.

Kwa hiyo opereta anayegundua kuwa jino halipo anapaswa kusimamisha kazi na kulitafuta kabla ya kuendelea kupakia. Jino lililozikwa kwenye mtaro wa bomba au kuachwa barabarani nalo huwa hatari kwa bomba na kwa matairi.

Maandalizi kabla ya nyundo

Kazi ya kubadilisha meno huonekana nyepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Ndoo ya beko ina uzito wa kumponda mtu, hata ikiwa tupu na hata ikishuka kutoka kimo cha goti.

Mtambo uegeshwe mahali tambarare, mbali na ukingo wa mtaro. Breki ya mkono ifungwe, sepetu la mbele lishushwe hadi ardhini, na miguu ya pembeni ikandamizwe vizuri.

Ndoo ya nyuma nayo ishushwe na kukunjwa hadi meno yalale sambamba na ardhi, kisha iegemezwe juu ya magogo mazito ya mbao. Matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla yakielemewa.

Nafasi iachwe chini ya meno ili pini ipate mahali pa kutokea, hasa kwa mfumo wa pini inayopigwa kutoka juu.

Baada ya hapo injini izimwe na ufunguo uondolewe na kukaa mfukoni mwa fundi anayefanya kazi. Leva za mkono zisogezwe pande zote ili shinikizo lililobaki kwenye mipira ya haidroliki litoke.

Kosa la kawaida ni kuiacha ndoo ikining'inia hewani huku opereta akiwa amekaa kitini na injini ikinguruma, eti ili aisogeze fundi anapotaka. Mpira mmoja ukipasuka, au kiwiko kikigusa leva, hakuna muda wa kuruka pembeni.

Kutoa pini

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Udongo uliokauka kati ya jino na adapta hushika kama saruji, hivyo uchokolewe na kuoshwa. Mafuta ya kulainisha kutu yakiachwa kwa muda husaidia.

Pini haipigwi moja kwa moja kwa nyundo kubwa. Huwekwa chuma cha kusukumia chenye kipenyo kidogo kuliko pini, ndipo chuma hicho hugongwa. Chuma hicho kinafaa kiwe na mpini mrefu au kishikwe kwa koleo refu, ili mkono wa anayekishika uwe mbali na pigo.

Kwa pini ya ubavuni yenye pete, upande wa kugongea una maana. Katika mfumo wa J, pini hutolewa kwa kugongwa kutoka upande wenye pete, na hurudishwa kutoka upande wa pili. Fundi asiyejua pete iko wapi huweza kugonga hadi akaziba tundu kwa chuma kilichopasuka.

Hatari kubwa katika hatua hii ni kibanzi. Nyundo ni chuma kigumu, na pini ni chuma kigumu. Vikigongana, kipande kidogo mfano wa punje ya mtama huweza kuruka kwa kasi ya kutisha na kupenya kwenye jicho au shingo.

Kwa sababu hiyo, miwani ya kinga si pambo. Ivaliwe na anayegonga na anayeshika, na watu wengine wote wasogezwe mbali, hasa watoto na watazamaji, ambao hupenda kusimama mbele kabisa. Glavu na viatu vyenye kofia ya chuma vidoleni navyo ni vya lazima, kwani jino likichomoka huanguka ghafla.

Nyundo yenye uso uliomeguka au mpini uliolegea iwekwe kando. Vilevile ni kosa kubwa kulitumia jino la zamani kama nyundo, au kugonga jino jipya kwa chuma tupu.

Pini ikigoma, wengine hukimbilia moto wa gesi. Kwa pini yenye mpira, moto huunguza mpira na kutoa moshi wenye sumu. Kwa adapta inayobaki, joto kali huondoa ule ugumu uliopatikana kiwandani. Moto uwe njia ya mwisho, kwa jino linalotupwa tu, na kwa mikono ya fundi aliyefunzwa.

Kufunga jino jipya

Kabla ya kuvika jino jipya, pua ya adapta ikaguliwe na kufutwa vizuri. Vinundu vya chuma vilivyotokana na kugongwa visawazishwe taratibu kwa grainda, bila kupunguza umbo la pua.

Jino hujaribiwa kwa mkono kabla ya pini. Linapaswa kuingia hadi mwisho na matundu ya pini kulingana. Likikataa kuingia, huenda ni namba tofauti. Likiingia na kuyumba sana, adapta imekwisha.

Pini na pete huwa mpya kila mara. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo meno mengi hupotea. Pini ya mpira iliyokwisha kutolewa huwa imepoteza mkazo wake, na pete iliyopanuliwa haishiki tena.

Kwa mfumo wa pete, pete hukaa kwanza kwenye kidimbwi chake ubavuni mwa adapta, jino huvikwa, kisha pini hupigwa kutoka upande wa pili hadi pete ikae kwenye mfereji wa pini. Kwa mfumo wa pini ya juu, pini huelekezwa kama mtengenezaji alivyoonyesha, na hupigwa hadi isichomoze juu wala chini.

Jino likiwa tayari, litikiswe na kugongwa kidogo pembeni. Baada ya saa za mwanzo za kazi, opereta asimame na kukagua tena.

Meno ya bolti

Kwa jino la bolti, adui mkubwa ni kutu. Nati huwa imeshikana na bolti, na kichwa cha bolti kimelika hadi hakishikiki. Mara nyingi njia ya haraka ni kuzikata kwa grainda, kisha kuzitoa kwa chuma cha kusukumia.

Bolti mpya lazima ziwe za daraja alilotaja mtengenezaji. Namba zilizoandikwa kwenye kichwa cha bolti, kama 8.8, 10.9 au 12.9, zinaeleza nguvu yake. Bolti ya 10.9, kwa mfano, ina uwezo wa kuhimili mkazo wa megapaskali 1,000 hivi kabla ya kukatika.

Bolti ya kawaida ya kufungia geti, hata kama inaingia vizuri kwenye tundu, itakatika mapema. Hali kadhalika, bolti na nati za zamani zisirudishwe kwenye jino jipya.

Mdomo wa ndoo usafishwe kutu na udongo kabla ya kufunga, kwa kuwa uchafu huo ukisagika baadaye bolti hulegea. Nati zikazwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtambo, na zikazwe tena baada ya saa chache za kazi.

Pale kuchomelea kunapohitajika

Kuna tabia ya kuchomelea jino kwenye adapta ili lisianguke tena. Tabia hiyo huua vipuri viwili kwa mpigo. Joto hulainisha chuma cha jino na kuleta nyufa, na siku ya kulibadilisha, adapta nayo hukatwa.

Kuchomelea halali ni kule kwa adapta mpya kwenye mdomo wa ndoo, na ni kazi ya fundi anayeijua. Sehemu hupashwa joto kwanza, mara nyingi nyuzi 100 hadi 200 za Sentigredi kulingana na aina ya chuma, kisha hutumiwa elektrodi zinazotoa hidrojeni kidogo, kama zile za daraja la E7018.

Elektrodi hizo lazima ziwe kavu. Zikipata unyevu, hidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na ufa huweza kutokea saa nyingi baada ya fundi kuondoka. Weldi iachwe ipoe taratibu, isimwagiwe maji.

Jambo jingine linalosahaulika ni umeme wa mtambo. Kabla ya kuchomelea, betri itenganishwe, na kwa mitambo yenye kompyuta, maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kifaa hicho yafuatwe. Kishikio cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kifungwe kwenye ndoo, karibu kabisa na sehemu inayochomelewa. Kikifungwa mbali, umeme hupita kwenye pini, bushi na silinda na kuziharibu.

Kuchagua jino kwa ardhi

Hakuna jino moja linalofaa kila mahali. Jino pana na bapa hufaa udongo laini, na huacha sakafu ya mtaro ikiwa sawa. Jino refu lenye ncha kali hupenya ardhi iliyoshindiliwa na mawe yaliyopasuka, lakini huisha haraka katika mchanga.

Kwa ardhi kama ya Mwanza, yenye miamba ya matale, jino nene la mawe hudumu zaidi. Hata hivyo, jino halivunji mwamba mzima. Opereta anayelazimisha ndoo kufanya kazi ya nyundo ya haidroliki huvunja meno, kisha adapta, kisha mkono.

Katikati ya mji, penye mabomba na nyaya zilizozikwa, ncha kali ni hatari kwa wakazi. Ikikaribia bomba, kazi hukamilishwa kwa koleo la mkono. Ndoo bapa isiyo na meno hutumika kwa kusafisha mtaro uliokwisha chimbwa.

Wajibu wa mwajiri

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, pamoja na kuwapatia vifaa vya kinga. Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2007.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya wanaoumia kazini. Lakini hakuna fidia inayorudisha jicho, na bei ya miwani ya kinga haifiki hata karibu na bei ya ndoo.

Ukaguzi wa asubuhi

Yote hayo huanzia kwenye desturi moja isiyogharimu chochote. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, opereta huzunguka nyuma ya mtambo na kuyahesabu meno.

Huyatikisa moja baada ya jingine, huangalia pini zote, na hutafuta nyufa na matundu. Mwisho wa siku huyahesabu tena, ili kama kuna lililopotea lijulikane limepotea leo na katika mtaro upi.

Ndani ya kibanda cha mtambo ni vyema pakawekwa jino moja au mawili ya akiba, pini na pete mpya, chuma cha kusukumia, nyundo nzima, na jozi mbili za miwani. Moja ni ya anayegonga, na ya pili ni ya anayemsaidia.